Siku ya Mwisho Kisimani

Daktari wa kampuni alimwambia Nyamizi ukweli bila kuzunguka: sikio la kulia lilikuwa limekufa kwa kelele za mitambo, na la kushoto lingefuata kama angeendelea kukaa kisimani. Ndiyo maana, kabla hajatimiza hata miaka miwili ya uhandisi, alihamishiwa idara ya michoro mjini, akachore mabomba ndani ya chumba tulivu.

Asubuhi hiyo alikwenda kuwaaga wenzake kwenye kisima cha gesi. Msimamizi wao, Mzee Masunga, alimvua kofia ngumu taratibu, kama anayemvua mtoto aliyelala.

"Huko utapanda cheo haraka, binti yangu."

"Sikufuata cheo, mzee. Nilitaka niwepo hapa siku gesi itakapotoka."

"Siku hiyo tutakupigia simu."

"Mnipigie mapema basi, kabla sikio hili nalo halijafa."

Nyamizi alicheka. Masunga hakucheka. Aligeukia pembeni, akajipangusa macho kwa kiganja chenye grisi, weusi ukabaki shavuni.

Mtambo ukawashwa. Wanaume walirudi kazini mmoja mmoja, maana uchimbaji haumsubiri mtu. Gari la kumpeleka mjini lilikuwa limeshageuzwa, na dereva alikuwa akimpungia mkono aje.

Nyamizi hakwenda. Alivua viatu vyake vizito, akasimama peku juu ya udongo mwekundu, akafumba macho, mtetemo wa kisima ukimpanda kutoka kwenye nyayo.