Fulani wa Namba Kumi

Fulani aliomba bendeji kabla hajaguswa na mtu.

"Umeumia wapi?" akauliza Seth, mzee wa ndoo na sponji aliyehudumia majeruhi.

"Bado sijaumia. Nifunge tu, mzee wangu. Kichwa chote. Niachie macho."

Seth alikuwa ameyaona mengi pale klabuni Aldershaw: wachezaji wanaotapika, wanaosali, wanaoficha meno ya bandia kwenye soksi. Hakubisha. Akamfunga.

Kwenye karatasi ya mechi, mbele ya namba kumi, hapakuwa na jina, ila "Fulani". Ndivyo watu wa kaskazini mwa Uingereza walivyowaandika vijana wa majaribio waliotoka Wales. Huko Wales raga ni ya ridhaa, watu kumi na watano, na hakuna anayelipwa. Huku ni watu kumi na watatu, na mshahara juu. Ukionekana unacheza huku, hata bure, hata dakika moja, kule umefungiwa maisha. Na huku wakikukataa je? Basi huna huku wala kule. Unabaki kuchimba makaa ya mawe mpaka mapafu yagome.

Kwa hiyo Gethin Pugh, kijana wa miaka ishirini mwenye mabega kama kabati, alikuwa amejipanga. Nyumbani Cwmderw aliaga kwamba ana mafua, anakwenda kupumzika kwa shangazi. Jumamosi yenyewe aliichagua kwa akili: hakukuwa na mechi, maana kamati nzima ya klabu yao ilikuwa na mkutano Cardiff, wa tatu tangu Krismasi. Akapanda treni, kola ya koti imesimamishwa mpaka masikioni.

Halafu mechi haijachangamka akamwona Bwana Tudor Beynon.

Jukwaa kuu, safu ya mbele, kofia nyeusi imeshushwa hadi kwenye nyusi. Katibu wa kamati mwenyewe! Mwaka jana tu Beynon alimnasa wakala wa kaskazini, aliyekuja kununua wachezaji, nje ya kanisa, akamtumbukiza mtoni na mkoba wake, huku Mchungaji Eleias, mwenyekiti wa kamati hiyo hiyo, akimshikia koti.

Ndipo Gethin alipoomba bendeji. Na tangu hapo hakucheza raga, alicheza kujificha. Mahali pekee pasipofikiwa na macho ya jukwaani ni ndani ya skramu, lile rundo la wachezaji wanaosukumana vichwa vimeinama, kwa hiyo akawa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Akianguka, anajipaka matope usoni. Akikaba, anakaba chini kabisa, sura kaizika kwenye magoti ya mtu, na watu wakawa wanadondoka kama magunia ya viazi.

"Mwoneni Fulani anavyochapa kazi!" mama mmoja akapaza sauti, kikombe cha chai mkononi. "Na wewe namba nane, mkumbatie mtu kwa nguvu! Huyo si mama mkwe wako!"

Namba nane alikuwa Walt Entwistle, mkongwe wa safu ya mbele ya skramu, pua imevunjwa mara nyingi hadi haijui ielekee wapi. Wakati wa mapumziko akamsogelea Gethin.

"Dogo, unamkimbia nani? Polisi au mke?"

"Yule pale, mwenye kofia nyeusi. Katibu wetu wa nyumbani. Amekuja kunikamata."

Walt akatazama jukwaani, akacheka mpaka akakohoa. "Yule? Yule hang'ati. Cheza mpira wako."

Rahisi kusema, aliwaza Gethin. Mtu wa kaskazini atajua nini kuhusu Beynon?

Kipindi cha pili mpira ukamfikia mkononi, na upande wa jukwaa kuu ulikuwa mweupe kabisa. Hakuna mtu, ni kukimbia tu. Lakini ndiko aliko Beynon. Gethin akageukia kule kwingine, akawavaa watu watatu kwa mpigo, akatokea upande wa pili na mpira na mkono wa jezi ya mmoja wao, akaenda kufunga trai kifudifudi, uso chini, akakataa kuinuka.

"Fulani! Fulani!" uwanja mzima ukalipuka.

Baada ya mechi, Bwana Holroyd, mwenye klabu, akamkuta chumba cha kubadilishia nguo.

"Umenifurahisha, kijana. Lakini hatusaini mtu kwa mechi moja. Uje tena baada ya wiki mbili, tukuone. Mpaka hapo, chonde chonde, nyumbani wasijue."

Akatoka. Wenzake walikuwa kwenye birika la kuogea, wanaimba na kumwagiana maji. Gethin akabaki peke yake na bendeji yake.

Mlango ukafunguliwa. Beynon akaingia, akaufunga nyuma yake taratibu.

"Gethin Pugh."

"Bwana Beynon, nakuomba, mama yangu hajui chochote..."

"Nyamaza unisikilize. Nimekujua tangu mwanzo, unakimbia kama baba yako." Beynon akavua kofia, akaanza kuizungusha vidoleni. Sauti ikashuka. "Mchezo mzima wewe unanikodolea macho! Kila nikiinua kichwa, wewe huyo! Nimeshindwa kushangilia hata mara moja. Pai yangu imepoa mkononi. Sasa niambie, mwanangu, unataka nini ili unyamaze kwamba umeniona huku?"

Mlango ukasukumwa tena. Mchungaji Eleias akachungulia, mchuzi wa nyama ukimchuruzika kidevuni.

"Tudor, fanya haraka bwana, basi linaondoka. Kamati nzima imeshapanda."