Mume wa Barazani

Verdie Mabry alimpangusa mumewe uso kwa brashi ya poda, akamwekea kofia sawa, akamlazia gazeti mapajani. Misonobari ilikuwa imeanza kumwaga chavua yake, lile vumbi la manjano la majira ya kuchipua, nalo halikubagua: magari, paka, waume.

"Haya, umependeza," akamwambia.

Harlan hakujibu. Hata alipokuwa na mdomo wa kweli hakuwa mwepesi wa kujibu.

Harlan mwenyewe alikuwa Florida tangu Krismasi, kwa mwanamke mmoja anayesafisha watu meno. Huyu wa barazani alikuwa suruali yake ya kuvulia samaki, shati lake, miwani yake nyeusi, na kichwa cha soksi. Ndani Verdie alimshindilia zile ndevu za mti, mimea ya kijivu inayoning'inia kwenye miti ya mwaloni. Tumbo, kusema haki, lilitoka vilevile.

Hakulia alipokuwa anamshona. Hakuwa amelia tangu siku ile. Alikuwa kama mtu aliyeng'olewa jino na ganzi haijamtoka: anajishika shavu, analiona la mtu mwingine.

Alichoogopa ni kitu kimoja. Pale mtaani kwao, Ghuba ya Korongo, mke akiachwa huletewa wali wa kuku wa kuoka, kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe chini. Watu humwonea huruma mpaka amalize kurudisha mabakuli. Baada ya hapo, kwaheri: chakula cha pamoja cha majirani, kila Alhamisi, ni cha mke na mume. Loretta wa nyumba ya kona alirudisha bakuli la mwisho mwaka juzi, na mpaka leo Alhamisi anakula na televisheni. Na Verdie hakuwa na watu wengine duniani ila hao wa Alhamisi.

Basi kila Alhamisi akawa anakwenda, anasema mgongo unamsumbua Harlan, na akiondoka anamfungia sahani yake, kama jirani yake Bi Corinne alivyozoea kumfungia mumewe, Kanali. Asubuhi majirani hupita na vigari vyao vya gofu, wanapiga chafya, wanapunga mkono. Hapo kutopunga ni utovu wa adabu, na kushuka ni umbeya.

Ng'ambo ya barabara Kanali alikuwa kwenye kiti chake cha kubembea, koti limefungwa vifungo vyote, mkono juu akiwasalimu wapitao. Mtaa mzima ulipiga chafya majira hayo yote. Kanali hata moja. Jeshi hilo, Verdie aliwaza. Alimtazama Bi Corinne akimwekea chai ya barafu, akimfunika magoti. Huyo ndiye mwanamume anayekaa. Ila mara moja kwa mwaka, Siku ya Bustani, ndiyo hakai. Siku hiyo hushinda majini anavua, na jioni hurudi bila hata samaki mmoja.

Alhamisi asubuhi Bi Corinne, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, akavuka barabara.

"Verdie! Mpenzi, baraza lako kama limemwagiwa unga wa mahindi ya manjano!"

"Nitaliosha, Bi Corinne."

"Lini? Siku ya Bustani ni Jumamosi. Wageni watapanda kila baraza, wanywe chai, wasifu maua yetu ya azalea. Lete mpira wa maji sasa hivi. Na Harlan ainuke, tupige maji chini ya kiti."

"Mgongo, Bi Corinne."

"Mgongo gani huo tangu Krismasi? Ana mimba?"

"Amelala."

"Amelala na gazeti kalishika juu chini?"

Verdie alisimama kwenye ngazi, mikono ameitanua kama anayezuia kuku. Bi Corinne alikuwa na nyonga mpya ya bandia na kiu ya kuitumia. Akapita.

Verdie alingoja moyo umdunde. Haukudunda. Alichowaza ni friji: mabakuli yote yale atayapanga wapi?

Bi Corinne aliinama mbele ya Harlan. Akamtazama miwani, akamtazama soksi. Unywele wa kijivu ulikuwa umechomoza kwenye mkono wa shati. Akauvuta, na kidudu chekundu kikatoka nao, kikamtembea kidoleni. Akakiponda.

Akatazama barabarani. Kigari kimoja kilikuwa kinapita, mume na mke. Bi Corinne akaushika mkono wa Harlan kwa nyuma, penye kiwiko, akaupunga. Wale nao wakapunga, wakapiga chafya, wakaenda zao.

"Bi Corinne," Verdie alisema, "usiwaambie wa Alhamisi. Nakuomba."

Bi Corinne alikuwa anaurudisha ule unywele ndani ya shati, akamfunga Harlan kifungo cha mkono, taratibu, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi. Kisha akakaa kwenye kiti cha pili, akajipangusa vumbi la manjano magotini.

"Hizi ndevu za mti zina wadudu, shoga. Zitoe zote, umtie pamba," alisema. "Na Jumamosi umlete gatini mapema, kabla wageni hawajafika. Kanali huu ni mwaka wake wa tatu anavua peke yake."