Nyumba Isiyotangazwa

Siku hizi magari yanajiendesha yenyewe, na nyumba ambayo swichi ya mtaa, mtambo wa mtandao unaoyaonyesha njia, haiitangazi, hayaifikii kamwe.

Nasra Kihiyo alikuwa fundi wa swichi ya mtaa wao, Tanga. Mumewe alipofariki, hata eda haijaisha, shemeji yake Mbaruku alimtoa nyumbani yeye na godoro lake, akahamia humo mwenyewe. Nasra hakubishana. Alifungua kabati la swichi, akaandika mstari mmoja wa amri ya kuchuja matangazo ya njia yanayotoka, na njia ya nyumba ile ikakoma kutajwa huko nje.

Siku ya harusi ya binti wa Mbaruku, masufuria matatu ya pilau yalilala kwa kukosa walaji. Nasra aliposikia alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Wiki iliyofuata Mbaruku alimjia kwa miguu, akihema. "Shemeji, mama ameanguka. Gari la hospitali linazunguka tu, haliioni nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Shemeji, nakuomba..."

"Nimekuuliza, nyumba ya nani?"

Mbaruku akapiga magoti. "Yako."

Ndipo Nasra akaufuta ule mstari, bila haraka.

Jioni alikwenda wodini na uji. Mama mkwe, ambaye siku zote alimpenda kama mwanawe wa kumzaa, alikuwa amepooza upande mmoja. Daktari alisema angewahishwa kidogo tu, angepona. Kwa mkono uliobaki mzima, bibi yule alimshika Nasra.

"Mwanangu, ulijua nimo ndani?"

Nasra aliendelea kukoroga uji, ingawa ulikwishapoa.