Pia ya Modest

Pia ya kuchezea ilikuwa bado inazunguka juu ya kabati la mgonjwa pale Modest alipoisukuma kichwani kwa kidole.

"Tazama, baba. Nimeisukuma ije kwako. Imekuja?"

Haikuja. Kichwa cha pia kiligeukia pembeni, upande wa mama yake, Bernadina, kikaanza kuyumba kikichora duara.

Bernadina aliona aibu. Safari nzima ya basi kutoka Endagikot hadi hospitali ya Haydom kijana kapakata pia ya watoto, na baba yake yuko hoi! Lakini ndio wasomi wetu wa kidato cha nne.

"Kinachozunguka, ukikisukuma huku, kinageukia kule," Modest alisema. "Hata dunia inayumba hivi, polepole, mpaka nyota ya kaskazini inabadilika. Laana nayo ni hivyo hivyo, baba. Ifute."

Laana yenyewe ilihusu Madoa, maksai wao wa kulimia. Aliibwa na kengele yake yenye ufa ikiwa shingoni, mwaka ule Manyara ilipofanywa mkoa. Mzee Tluway, baba yake Modest, alisimama mbele ya wazee wenzake akamlaani mwizi asiyejulikana: kizazi chake kikatike. Na kwao, laana huifuta aliyeitoa tu, angali hai.

Kijiji kizima kilimshuku jirani yao, Hhando. Bernadina alijua mwanawe anamtetea, maana alikuwa anamtaka Letisia, binti wa Hhando. Aliwahurumia watoto hao.

"Baba Modest, futa tu. Utaondoka na kinyongo?"

"Mwizi aje akiri," mzee alisema kwa taabu. "Akikiri, nafuta hapo hapo."

Modest akaizungusha pia tena, kwa nguvu, na wote watatu wakaitazama. Ilisimama wima kwa muda, ikayumba, ikayumba zaidi, ikalala ubavu.

Mzee naye alikuwa ametulia. Bernadina alimgusa shavu, akapiga yowe. Akageukia ukutani asiuone uso ule.

Nyuma yake alimsikia Modest akipiga magoti.

"Subiri, baba. Subiri kidogo tu, nakiri."

Kisha kitambaa kikafunguliwa, na kitu kikawekwa kwenye kiganja cha marehemu. Kikalia mara moja.

Bernadina hakuhitaji kugeuka. Kengele ile yenye ufa ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kila alfajiri, Madoa alipotoka zizini.