Uso Kwenye Wavu

Sutapa aliuona uso ule saa nane na dakika kumi mchana, kwenye skrini ya kamera ya tatu.

Uso wa mwanamke. Macho yamekodoka, nywele zimetanda juu ya maji. Ulikuwa unavutwa taratibu kuelekea wavu wa chuma, pale mashine zinaponyonya maji ya bwawa la chini.

Mashine zote nne zilikuwa zinapandisha maji mlimani. Ndiyo kazi yao tangu zamani: mchana umeme wa jua ukizidi hadi unakosa wa kuutumia, wanautumia kusukuma maji juu, jioni wanayashusha, na taa zinawaka kutoka vijiji vya milimani mpaka Kolkata. Vijana wa mjini huicheka mitambo hii, wanasema ni ndoo na mlima tu. Waacheni wacheke. Betri zao mpya zinachoka baada ya saa mbili, na leo ni siku ya mwisho ya Durga Puja, sikukuu ya mungu wa kike mwenye mikono kumi, ambaye sanamu zake za udongo hutoswa majini. Hakuna atakayelala mapema.

"Usiguse kitu," alisema Bwana Sinhababu, mkuu wa zamu, kikombe cha chai mkononi. "Ni sanamu hiyo. Wamemtosa tena Mama Durga huku kwetu, na tuliwakataza."

"Na kama ni mtu?"

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

Mwaka jana alizima mashine, wakaopoa udongo na majani ya mpunga. Jioni ile wilaya mbili zilikaa gizani. Alipewa barua: akirudia, kiti hiki basi, anakwenda stoo kupanga nati. Alikuwa amekipigania miaka tisa, mwanamke wa kwanza kukikalia, na alikipenda kuliko alivyothubutu kukiri.

Aliivuta picha karibu. Uso uligonga wavu, ukainama, ukainuka. Ule wa mwaka jana nao uliinuka hivyo hivyo.

"Bwawa la juu halijafika hata nusu," Sinhababu alisema. "Ukizima sasa, kuziwasha tena ni saa nzima. Fikiria, dada. Udongo utayeyuka wenyewe."

Sutapa alifikiria. Aliona aibu kabla hata hajatenda, na aliogopa. Kisha akabonyeza kitufe chekundu. Mngurumo uliokuwa ukitetemesha sakafu tangu asubuhi ukanyamaza, na simu ya wasimamizi wa gridi ya umeme ikaanza kuita.

Sinhababu hakufoka. Afadhali angefoka. "Haya," alisema. "Mwambie Bhuban kule bwawani atoe boti."

Dakika kumi na mbili zilijikokota. Hatimaye redio ikakwaruza.

"Dada Sutapa," alisema Bhuban, na alikuwa anacheka. "Ni Mama Durga mwenyewe. Rangi bado mbichi. Wamemtosa na taji lake, hata bangili hawakumvua."

Sinhababu alinyoosha mkono, Sutapa akavua kitambulisho shingoni akampa.

"Stoo kuna feni nzuri," mzee alisema, bila ubaya. Kisha akaichukua redio. "Bhuban, mfunge kamba umvute, tuwashe mashine."

"Ngoja kidogo, bosi. Mikono yake yote kumi imenasa kwenye vyuma."

"Inasue mmoja mmoja. Ukiuvunja hata mmoja, kesho kijiji kizima kiko getini."

Wakamsikia akihema na kuhesabu kwa sauti kila alipounasua mmoja. Saba. Nane. Simu ya gridi iliita tena, na safari hii hakuna aliyeitazama. Tisa. Kumi.

"Haya, mlete," alisema Sinhababu.

Redioni kamba ilisikika ikikazwa, kisha ikalegezwa.

"Bosi, hatoki," Bhuban alisema, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kuna mikono mingine miwili nyuma yake, ya mtu. Mmoja umenishika."