Misuko ya Mama

Siku ya tatu baada ya mazishi, wafiwa walinyolewa uani. Lwitiko akabaki wa mwisho. Miaka kumi na tano alikuwa amepiga gitaa la deth metali, roki ya makelele yenye nyimbo za makaburi na mafuvu, akizungusha misuko yake mirefu jukwaani kana kwamba kifo anakijua. Marehemu mama yake hakuwahi kwenda kumsikiliza, lakini kabla ya kila onyesho ndiye aliyemsuka.

"Inama, mwanangu," alisema mama mdogo, wembe mkononi.

"Hizi alinisuka yeye, mama mdogo. Jumapili iliyopita tu."

Wembe ukasita.

Lwitiko akainama mwenyewe. Msuko wa kwanza ulipomwangukia mapajani, vidole vyake vikaanza kuubonyeza, taratibu, kama uzi wa gitaa uliokataa kulia.