Kabla ya Amina

Nzi alitua kwenye pua ya Lévi, na Lévi hakuwa na ruhusa ya kumfukuza.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya simu, jicho moja amelifumba kwa uchaji, la pili amelifumba nusu. Kwenye kioo, darasa zima lilikuwa limefumba macho, kila mmoja ndani ya kisanduku chake. Juu kabisa, Frère Cirimwami, bruda na mkuu wa masomo, alikuwa ameinua mkono kama mtakatifu wa dirisha la kanisa.

Tangu mabweni yafungwe, Frère alikuwa amefunga ndoa na programu. Zoom ya kufundishia, Classroom ya kukusanyia kazi, Kahoot ya maswali, Padlet ya mawazo. Alisema Musa angekuwa na Padlet, vile vibao vya mawe visingevunjika. Lakini aliyoiamini kuliko zote ni kamera. Mwisho wa somo kila mwanafunzi huomba kimya moyoni, na hakuna kutikisika mpaka Frère aseme Amina. Anayetikisika anapata sifuri ya conduite, alama ya mwenendo. Na leo, Frère alitangaza, wangeiombea nchi nzima. Nchi ni kubwa.

Kwa Lévi, sifuri moja zaidi ilitosha kumpotezea kitanda cha bweni milele. Mwezi uliopita alikuwa amebandika picha yake mbele ya kamera, akaenda kula mahindi ya kuchoma. Picha ile ilifuata somo kwa makini sana, mpaka upepo ulipoiangusha.

Basi akatulia. Baada ya kitambo, nyuma ya ukuta, kwenye uwanja wa changarawe nyeusi, kipenga kililia. Fainali ya mpira dhidi ya mtaa wa Lac Vert ilikuwa imeanza, na golikipa wa mtaa alikuwa yeye.

Dada yake, Charline, akapita mlangoni na bidoni la maji.

"Bado munaomba?"

"Nyamaza," Lévi alisema bila kufungua meno.

"Zambi zote hizi mulizitoa wapi? Kule hawakukungoja. Mu golo waliweka Sikuli."

"Sikuli wa saluni? Ule anakimbiaka mupira?"

"Njo ule. Nimemuona anakimbia."

Hakuna hata mmoja aliyekuja kumwita. Hilo lilimuuma kuliko magoti.

Kelele zikapanda, na zilikuwa kelele za Lac Vert. Lévi alijifariji kwamba Bashige, mshambuliaji wao, naye alikuwa mfungwa: yule pale, kisanduku cha chini, mdomo wazi kama samaki. Bashige, ambaye kwenye kapela ya shule, wakati wa sala, hawezi kukaa kitako bila kumfinya jirani, leo hata kope haikumcheza. Kumbe neema humshukia yeyote.

Kelele tena. Goti la kushoto likafa ganzi. Alifikiria kusema mtandao umekatika, lakini Frère alikwisha kufundisha kwamba uongo wa mtandao unaungamwa kama uongo mwingine. Alifikiria kuzirai. Mkono wa Frère ulikuwa bado juu. Kwa mara ya kwanza tangu komunyo, Lévi aliomba kwa moyo wote: Bwana, umjalie Frère Amina, hata ndogo.

Kelele zikaendelea, kisha zikazimika. Nyayo nyingi zikaingia uani, zikasimama mlangoni nyuma yake. Hakugeuka.

"Mumuangalie," sauti ilinong'ona. "Tulisema Amina, wote mukatoka mbio kwenda kucheza, yeye akabaki amepiga magoti mu ekrani ya simu yangu. Njo maana nilikataza mutu asimuite."

Lévi akageuka. Bashige alikuwa mlangoni, amejaa vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi. Bashige alikuwa pia kwenye simu, macho amefumba, picha imeganda.

"Tumepigwa saba, Frère," Bashige alisema, akimtazama Lévi.

"Saba, ndiyo." Frère Cirimwami, kando yake mlangoni, alijifuta chozi. "Lakini conduite, mutoto huyu ninamupa vingt sur vingt, ishirini yote."